Hapa Hapachumwi

Majani ya kahawa yakiwa na rangi ya samawati, mboga haichumwi chini yake. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ninayoikumbuka maishani, kabla ya amri za kanisani na kabla ya kengele ya shule. Nilikuwa na miaka kumi hivi, kwenye kihamba cha babu, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, huko Uru, mlimani Kilimanjaro, mwanzoni mwa miaka ya 60. Baba wadogo walikuwa wamepita na bomba la mgongoni wakinyunyizia mibuni mrututu wa samawati, kuzuia kutu ya majani, na kila kilichokuwa chini kilipata matone: magimbi, machipukizi ya migomba, na mnafu ulioota wenyewe pembeni ya lundo la samadi. Mnafu ule ulikuwa umenona, majani mapana kama kiganja cha mtoto. Nikainama. Bibi akanishika mkono juu ya kifundo. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema kwa Kichagga, nami leo natafsiri, "Hapa hapachumwi mpaka mvua ipite mara mbili," tukaenda kutafuta mboga kwingine.

Bibi alijua majani mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini nikikaa kukumbuka masomo yake, kinachonijia kwanza ni makatazo. Huvuki masale ya jirani kuchuma bila kupiga hodi, kwa sababu sale ni mpaka, na ni jani lilelile unalolishika mkononi siku unapokwenda kuomba msamaha. Huchumi kando ya mfongo, ule mfereji wa maji, pale ng'ombe wanaponyweshwa. Huchumi nyuma ya choo hata mboga ikistawi namna gani. Huchumi giza likiingia. Mmea uliosimama peke yake unauacha utoe mbegu. Jani usilolijua hulitii mdomoni ili ulijue. Unalileta nyumbani likaulizwe. Tunda la mnafu likiwa bado kijani, halina mtoto.

Hilo la mwisho lilikuwa na msemo wake, kwamba halina mtoto, yaani hakuna mtoto anayeruhusiwa kulila. Baadaye sana, nikiwa tayari mwalimu, nilisoma kwamba tunda bichi la mnafu lina solanini, sumu ileile iliyomo kwenye kiazi kilichopigwa na jua kikawa kijani. Bibi hakulijua neno hilo. Alijua kuchemsha majani, kumwaga maji ya kwanza yenye uchungu, ndipo ayaunge kwa maziwa.

Sisi tuliozaliwa miaka ya 40 na 50 tulirithi yote hayo, na wengi wetu hatukuyapitisha. Nataka kulisema hili wazi, maana nasikia wazee wenzangu wakiwalaumu vijana kwamba hawajui hata jani moja. Wangelijua kwa nani?

Mimi nilifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika bustani ya shule ya kwanza niliyopangiwa, niliwaamuru watoto wang'oe mnafu, mchunga na mgagani ili tupande kabichi. Niliwaambia ni magugu. Nilikuwa na daftari la kilimo lililosema hivyo, na nilikuwa na aibu ambayo daftari halikunitia: mboga iliyoota yenyewe ilikuwa mboga ya mtu asiye na fedha. Mgeni akija mjini kwangu nilimpikia kabichi, baadaye chainizi. Mnafu tuliula jikoni, mlango umefungwa. Mwaka 1974 mvua zilipokosa na tukala ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, mboga za bibi zilirudi mezani kwa miezi kadhaa. Njaa ilipopita tukazifukuza tena, kama shahidi wa jambo tusilotaka likumbukwe.

Nyumba zetu zilihamia mjini Moshi: Majengo, Njoro, Pasua, Soweto. Watoto wetu walikwenda mlimani Krismasi, wakakaa siku nne, wakala machalari na mtori, wakarudi. Ndani ya siku hizo nne hakuna aliyewatembeza kihambani kabla ya jua kuwa kali, wakati majani yana umande na harufu zake zimetulia. Shule ya bibi ilikuwa ya kutembea, na kutembea kwenyewe kulikuwa kunaisha. Hata juu zaidi, msituni, njia zilibadilika. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa nusu maili pembeni ya msitu wa hifadhi ili wananchi wapate kuni na majani ya ng'ombe. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi wote ukaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Msitu ule unatulisha maji na unastahili kulindwa. Nasema tu kwamba mama zetu walipoacha kupanda huko na mundu na kamba, mabinti waliokuwa wakiwafuata nyuma walikosa mahali pa kuuliza, "Hili nalo ni nini?"

Sasa wajukuu wanauliza. Wanarudi kwenye majani kwa hamu ambayo sisi hatukuwa nayo, na moyo wangu unafurahi na kuogopa kwa pamoja.

Mwaka jana, masika, mjukuu wangu anayesoma chuo hapa mjini aliingia na mfuko umejaa. "Shikamoo bibi. Leo sinunui mboga, nimechuma." Alikuwa amejifunza kwenye simu. Nilileta ungo, nikamwaga mfuko wote juu yake, nikamwambia akae tuchambue.

Kuchambua mboga ni kazi ambayo mabinti wengi siku hizi hawaijui, kwa sababu sokoni Mbuyuni unauziwa ikiwa imekatwa tayari, nyembamba kama nyuzi. Kumbe kuchambua ndiko kulikokuwa ulinzi wetu. Kila jani linapita kwenye vidole viwili. Unasikia unyevu wake, unaona mgongo wake, unalinusa bila kukusudia. Tulikwenda polepole. Mchicha pori, sawa. Mnafu, sawa. Kishona nguo changa, sawa. Kisha vidole vyangu vikakuta shina nene kidogo, lenye rangi ya zambarau kwa chini, na majani yenye meno makubwa yasiyolingana pembeni. Nikalisugua, nikampa anuse. Alirudisha kichwa nyuma. Harufu yake ni nzito, kama siagi iliyoharibika.

Huo ni mmea ambao vitabu vinauita Datura. Baadhi ya Waswahili huuita mnanaha. Ni wa ukoo mmoja na mnafu, nyanya na bilinganya. Unapenda mahali palepale mnafu unapopapenda: samadi, jalala, udongo uliochimbwa karibuni. Ukishakua hauwezi kukudanganya, kwa sababu ua lake ni tarumbeta refu na tunda lake lina miiba kama kalunguyeye aliyejikunja, wakati mnafu una vijiua vyeupe vidogo vya nyota na vitunda mviringo laini. Hatari iko pale mimea yote miwili ikiwa na majani manne au matano, nayo imechumwa kwa fumba, haraka haraka, jua linazama. Kila sehemu yake ni sumu, na kuchemsha hakuiondoi. Anayeila kinywa kinakauka, mboni za macho zinatanuka, moyo unakimbia, anaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Mtu wa namna hiyo anapelekwa hospitali papo hapo, na anayempeleka abebe mmea wenyewe, au mabaki yaliyo sufuriani, ili daktari asianze kubahatisha.

Nilimsimulia yaliyotokea Karamoja, Uganda, mwaka 2019. Unga wa lishe wa msaada uligawiwa vijijini, watu karibu 300 wakaugua na watano wakafariki. Uchunguzi ulikuta ndani ya unga ule sumu za mmea huu: ulikuwa umeota katikati ya zao shambani na kuvunwa pamoja nalo. Shirika kubwa la dunia, mashine kubwa, na bado mbegu zilipita. Mjukuu wangu aliangalia ungo, akaanza kuchambua upya rundo ambalo tulikuwa tumeshalimaliza.

Halafu nikamuuliza alikochuma. Akaniambia ni nyuma ya gereji moja, ukingoni mwa mtaro, ambako mchicha umerefuka mpaka kiunoni.

Hapo ndipo nilipouona mrututu wa siku hizi. Sumu ya utoto wangu ilikuwa na rangi. Bibi aliiona kwenye jani akiwa hatua kumi. Ya leo haina rangi wala harufu. Petroli iliyotiwa risasi ilichomwa katika barabara zetu kwa miongo mingi mpaka nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana nayo mwishoni mwa 2005, na risasi ikishatua kwenye udongo haiendi popote. Ongeza betri zinazovunjwa, rangi zinazokwanguliwa, oili inayomwagwa. Mchicha ni hodari wa kunyonya vitu hivyo kutoka ardhini na kuvipeleka majani. Wanakemia Bahemuka na Mubofu walichapisha mwaka 1999 matokeo ya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, wakaonyesha kiasi cha risasi na kadimi kisichofaa kwa mlaji. Mboga zile zilikuwa za kijani, zenye afya kwa macho. Kuosha kunaondoa vumbi lililotua juu. Kilichomo ndani ya jani kinabaki ndani ya jani, na kinabaki ndani ya mtoto aliyelila.

Tulikula mayai jioni ile. Mboga yote, ile nzuri pamoja na ile mbaya, tuliifukia, na sikuwapa kuku.

Mjini kwetu kuna mahali pa kuchuma, sisemi hapana. Kuna ua wa mtu unayemfahamu, ambaye anaweza kukwambia nyumba yake imesimama juu ya nini na ananyunyizia nini. Kuna bustani za makanisa, kuna kingo za shamba la mahindi ukiruhusiwa na mwenyewe. Mahali pa hatari ndipo mboga inapostawi bila mwenyewe: mitaro, dampo, kando ya reli na barabara kuu, chini ya mto unapotoka mjini. Msitu wa Rau, ule wenye miti ya msoo isiyopatikana ila sehemu chache sana duniani, ni hifadhi. Pale nenda ukatazame tu. Na uyoga sitaji, kwa sababu bibi alikufa kabla hajanifundisha, na jambo nisilofundishwa silifundishi.

Kwenye dawa, kuliko mboga, ndiko ninakoona hasara kubwa zaidi.

Chukua msesewe. Kila Mchagga aliyekua kihambani ameonja uchungu wake bila kujua, kwa sababu gome lake ndilo linaloipa mbege ukali, likichanganywa na ndizi zilizochemshwa na kimea cha ulezi. Mama mpika pombe alijua kipande cha ukubwa gani kwa pipa gani, na gome la mti mkongwe likoje ukilinganisha na la mti mchanga. Kipimo kilikuwa mikononi mwake. Msesewe ni Rauvolfia, na ndugu yake wa India ndiye ambaye mwaka 1952 wanasayansi wa Uswisi walitoa kwenye mizizi yake dawa ya kushusha shinikizo la damu. Miti ya ukoo huu inagusa moyo na mishipa. Sasa nasikia watu wanachemsha gome hilo peke yake na kulinywa kwa kikombe cha chai, asubuhi na jioni, wengine huku wanameza vidonge vya presha walivyopewa kliniki, na kliniki hawakusema neno. Wanaona aibu. Aibu ileile iliyofunga mlango wa jikoni langu sasa inafunga midomo mbele ya daktari, na hii ya sasa inaweza kuua.

Mwarobaini nao. Jina lenyewe linatangaza magonjwa arobaini, na majani yake yana nafasi yake ya heshima. Lakini mafuta ya mbegu zake, yakinyweshwa mtoto mchanga, yameripotiwa kusababisha degedege na kuharibu ini na ubongo. Utomvu wa njano wa shubiri haumfai mjamzito. Mbegu za mnyonyo, zile nzuri zenye madoa kama shanga, tuliambiwa tusizichezee, na leo nazikuta zimeota kwenye kila kiwanja kisichojengwa, watoto wanazitia mifukoni. Mbegu chache zikitafunwa zinatosha kumfikisha mtoto pabaya.

Tulipata nafasi ya kujirekebisha, mara zaidi ya moja, tukaitumia kwa pupa. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita kwa kilomita kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha mti wa mugariga. Wengi waliopita hapa Moshi kuelekea huko walikuwa wa umri wangu. Mti wenyewe haukuwa mgeni. Kwa Kiswahili ni mtandamboo, na wafugaji wanaujua tangu zamani. Kilichoniumiza ni kuona watu wazima, waliozaliwa katika vihamba vyenye dawa kila upande, wakisafiri siku mbili kutafuta mti mmoja wa kumaliza kila kitu, na baadhi yao kuacha dawa za kisukari na za VVU njiani. Mwaka 2020, wakati wa korona, ikaja nyungu. Tuliinamia sufuria za mkaratusi, mchaichai na mwarobaini chini ya mablanketi, na mtaani kwetu mtoto mmoja aliungua mguu kwa maji yaliyopinduka. Mvuke ulitufariji. Hatukumfundisha mtu kitu.

Nchi ina sheria ya tiba asili tangu 2002 na ina baraza lake la kusajili waganga. Muhimbili kuna taasisi inayochunguza miti hii tangu miaka ya 70. Hayo ni mambo ya kushukuru. Lakini hakuna sheria inayoweza kushika mkono wa mtoto juu ya kifundo.

Wageni wametuhesabia mali yetu. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyetembea vihamba vya mlima huu miaka mingi, alikuta humo aina zaidi ya 500 za mimea, na zaidi ya 400 kati yake hakuna aliyeipanda. Mwaka 2011 FAO ilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, hukohuko Uru kwetu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Nilisoma habari hizo nikakumbuka ile bustani ya shule na watoto wangu wa darasa la nne wakirundika "magugu" kwa furaha, kwa sababu mwalimu aliwapongeza. Leo mbegu za mnafu bora zinauzwa madukani na fungu lake sokoni halikosi mnunuzi. Wenzetu wa Kenya wanauita managu na wanaulima kwa ekari. Mnafu umerudi kwa heshima. Mengine, kama mkondekonde, yamerudi kwa bahati mbaya: dunia ilipojua gome lake linasaidia tezi dume, miti ilichunwa mpaka ikakauka, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa kwa mkataba. Bibi alichukua gome upande mmoja tu, kiasi cha kiganja, kisha akapaka jeraha udongo. Sijui alijifunza kwa nani, kwa sababu sikuuliza.

Mwaka huu tumeanza, mimi na mjukuu wangu, kupanda Uru kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nikiwa na nguvu. Magoti yangu hayapendi mteremko, kwa hiyo tunakwenda taratibu, na utaratibu huo umekuwa mzuri. Anapiga picha kila jani, mbele na nyuma. Chini ya picha anaandika jina la Kichagga kama ninalijua, la Kiswahili, na kisha sehemu ambayo nilimwomba aiongeze, iliyo ndefu kuliko zote: wapi halichumwi, lini, na nani asilile. Ambapo sina hakika tunaenda kwa mama mmoja mwenye miaka zaidi ya tisini, ambaye haoni tena, na yeye analitambua jani kwa kulisugua na kulinusa. Majani mawili aliyakataa. Alisema hayajui, na mjukuu wangu akafuta picha zake.

Jumapili iliyopita tulipita ukingoni mwa kihamba kimoja, karibu na nyumba aliyozaliwa bibi. Chini ya mibuni mnafu ulikuwa umetanda, mchanga, majani yanang'aa. Majani ya kahawa yalikuwa ya kijani kawaida, hayana alama yoyote. Nilinyamaza makusudi. Mjukuu wangu alisimama nje ya masale, kapu mkononi, akapiga hodi mpaka mama mwenye nyumba akatokeza akifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo mama. Samahani, hapa mmepiga dawa lini?"

"Marahaba. Jumanne, mwanangu."

Akamshukuru, akanishika mkono, tukaendelea kupanda.